Dagaa wa chanja wa Mwaloni Kirumba: nunueni hawa kabla ya vidonge

Kama una mzee nyumbani na unawaza kumnunulia vidonge vya mafuta ya samaki, pita kwanza Mwaloni. Upande wa mabanda ya dagaa kuna mama mmoja anayeuza dagaa waliokaushwa juu ya chanja, yaani kitanda kilichoinuliwa kutoka chini, anawafunga pakiti za nusu kilo. Jina lake silitaji kwa kuwa hajanituma kumtangaza, lakini ukiuliza dagaa wa chanja watu watakuonyesha. Pakiti nimelipa shilingi 6,000. Dagaa wa mchanga, wale wanaoanikwa chini na kupimwa kwa sado, wanakuja rahisi zaidi, na kwa nyumba yenye watoto wengi tofauti hiyo inauma. Hata hivyo nawatetea hawa wa chanja, na sababu zangu ni za kikemia, maana kemia ndiyo ninayofundisha sekondari hapa Mwanza.

Kinachotafutwa kwenye mafuta ya samaki ni omega-3, aina ya mafuta yanayohitajika mwilini, hasa zile mbili zinazoitwa EPA na DHA. Dagaa wa Ziwa Victoria wanazo zote mbili. Tatizo ni kwamba mafuta haya ni dhaifu mno mbele ya hewa. DHA ni mnyororo wa kaboni 22 wenye bondi maradufu 6, na katikati ya bondi na bondi kuna haidrojeni ambazo hazijashikwa sawasawa. Oksijeni huingilia hapohapo. Molekuli moja ikishaharibika inamvuta jirani yake, naye anamvuta wa pembeni, mpaka zinazaliwa aldehaidi, zile zenye harufu kali inayokwaruza koo. Joto na mwanga vinaharakisha mambo. Kwa hiyo jua lilelile linalomkausha dagaa linamla mafuta, na anayewahi kukausha na kuhifadhi ndiye anayeokoa kitu.

Dagaa wa mchangani analala na upande mmoja umekandamizwa chini, unyevu hautoki, mvua ikinyesha anaanza upya kesho. Juu ya chanja hewa inapita juu na chini, anakauka mapema, anaanuliwa mapema. Ndege na kuku hawamkanyagi. Huo ndio uzuri wote.

Nikifika huwa naomba kuonja kabla ya kununua, na mama yule hakatai. "Shikamoo mama." "Marahaba mwalimu, nusa mwenyewe, pua haidanganywi." Chukua dagaa mmoja umkunje: mkavu anakatika kwa mlio, mwenye unyevu anapinda. Mtazame ubavuni, ule mstari wa fedha uwe bado unang'aa. Akiwa amegeuka manjano au kahawia, mafuta yameshachacha. Halafu mpasue tumbo kwa kucha unuse palepale ndani, maana tumboni ndiko harufu inakoanza. Hawa niliopasua walikuwa na harufu ya ziwa tu. Nyumbani niliwaloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikamwaga maji yale polepole nikitazama chini ya bakuli: hakuna punje ya mchanga. Mama yangu meno yake yamebaki machache, jambo hilo kwake ni kubwa kuliko omega-3.

Sasa habari ya vidonge. Ndugu yangu wa Dar alimtumia mama kopo zima, kwa upendo kabisa. Mama amevuka miaka 70 na ana presha. Aliligeuza kopo akaniuliza, "Mwanangu, mimi mzaliwa wa Ukerewe, samaki nimekula tangu sijaota meno. Hiki kidonge kinaniongezea nini?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na limeshafanyiwa kazi. Marekani walifanya jaribio kubwa liitwalo VITAL, likiongozwa na Profesa JoAnn Manson wa Boston. Watu 25,871 walifuatiliwa kwa takriban miaka 5. Wengine wakipewa gramu 1 ya omega-3 kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka 2018: kwa kundi zima, omega-3 haikupunguza kwa kiwango cha kutegemewa saratani wala matukio makubwa ya moyo na kiharusi. Ila walipowatazama peke yao wale wanaokula samaki kwa nadra, chini ya mara moja na nusu kwa wiki, kwao matukio hayo ya moyo na kiharusi yalikuwa pungufu kwa 19%. Hesabu ya kundi ndani ya kundi haitoshi kutoa hukumu, lakini inaelekea upande wa mama: aliyeshiba samaki, kidonge kinamkuta hana pengo.

Najua kuna watakaoniletea habari mpya ya kuzeeka polepole, ile iliyosambaa sana mwaka 2025. Nimeisoma na inanifurahisha. Kwenye DNA yetu hubandikwa alama ndogo za kemikali, vikundi vya methili, ambazo mpangilio wake hubadilika kadiri mtu anavyozeeka. Mtafiti Steve Horvath alionyesha mwaka 2013 kwamba ukizisoma unaweza kukadiria umri wa mwili; vipimo vya namna hiyo huitwa saa za kibaolojia. Watafiti wa Zurich, chini ya Profesa Heike Bischoff-Ferrari, walizipima kwa wazee 777 wa Uswisi wenye miaka 70 na kuendelea. Waliopewa gramu 1 ya omega-3 kwa siku kwa miaka 3 walionekana kuchelewa kuzeeka kwa takriban miezi 3 hadi 4, kwa baadhi ya saa hizo za kibaolojia. Mafuta waliyopewa yalitoka kwenye mwani. Huo ni mwendo mdogo lakini ni wa kweli kwenye vipimo. Bado nauliza, mzee mwenyewe alihisi nini? Maana jaribio walikotoka wazee hao 777, ambalo kwa jumla lilikuwa na wazee 2,157 wa nchi tano za Ulaya, lilishatoa matokeo yake makuu mwaka 2020, na presha haikushuka kwa kiwango cha kuaminika, wala kuvunjika kwa mifupa hakukupungua kwa kiwango hicho.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika hapahapa Tanzania na watu wengi hawaujui. Ulichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1996: walilinganisha wanakijiji wa pwani ya Ziwa Nyasa, wanaokula samaki wa maji baridi kila siku, na wenzao wa Lugalawa juu milimani, ambao chakula chao ni cha mimea. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu. Hawakumeza kidonge chochote. Samaki wa ziwani, kama wetu.

Na dagaa unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata kalsiamu, chuma na protini kwa pamoja. Kopo la vidonge halina hayo. Tena dozi kubwa za omega-3, zile za kuzidi gramu 1 kwa siku, zimehusishwa na moyo kudunda bila mpangilio; mzee mwenye matatizo ya moyo asijiongezee kiholela. Dawa za presha mama anaendelea nazo kama alivyoandikiwa, dagaa hawachukui nafasi ya dawa.

Nina malalamiko mawili kwa muuzaji wangu, na nimemwambia usoni. Pakiti zake ni za plastiki inayoonyesha, na anazipanga mbele ya banda juani ili zivutie. Kazi yote nzuri ya chanja inaharibikia hapo. Aziweke kivulini, au atumie mfuko usiopitisha mwanga. La pili, hazina tarehe. Mimi nauliza na ananijibu kwa uaminifu, lakini mgeni atajuaje? Ukinunua, ukifika nyumbani wahamishie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, ukiweke mahali pa baridi na giza, na usinunue zaidi ya mnaoweza kumaliza kwa wiki chache.

Anauza pia dagaa wa kukaanga, na hao ndio wanaochukuliwa sana na vijana. Ni watamu, sikatai. Lakini wana chumvi nyingi, na mafuta ya kukaangia yakirudiwarudiwa yanakuwa yamechacha kabla dagaa hajaingia, kwa hiyo mama simpelekei. Yeye nampikia wa chanja kwa nyanya, kitunguu na limao, mwishoni karanga za kusaga kidogo, na ugali wa udaga.

Nendeni asubuhi mapema, na kwenye giza la mwezi, maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Siku hizo za mbalamwezi mzigo unaokuta mezani ni wa siku nyingi; ulizeni ulivuliwa lini, na mkijibiwa kwa kusitasita, pasueni tumbo mnuse.