Nililipia gazeti la simu, siku niliyolihitaji likanigeuka

Nimesoma gazeti la simu karibu mwaka mzima na nililisifia kwa kila mtu hapa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, Uganda. Nilimshawishi shemeji akalipia. Nilimshawishi mwalimu wa jirani naye akalipia. Sasa ninawadai samahani wote wawili.

Jina la gazeti silitaji. Ni la Kampala, basi.

Sikuhamia kwenye simu kwa ushabiki. Mzee anayetuuzia magazeti hapa Jinja zamani alipokea fungu kubwa. Siku hizi anapewa nakala chache sana, na ukichelewa kidogo hupati. Zisizouzwa huhesabiwa na kurudishwa Kampala, kwa hiyo hathubutu kuagiza nyingi. Nikaona bora nilipe kwa mobile money, nisome alfajiri maji ya chai yakiwa bado jikoni. Na kwa kweli nilifurahi. Mama macho yamepungua, ukimkuzia herufi anasoma mwenyewe bila kuniita. Hilo karatasi haikuwahi kumpa, na siwezi kulikana hata nikiwa na hasira hii.

Kisha baba akafariki.

Tuliomba barua za usimamizi wa mirathi, na lazima tangazo litoke gazetini, watu wapewe siku 14 za kuleta pingamizi. Tulilipia tangazo, pesa si kidogo. Wakili akasema, tangazo likitoka nileteeni ukurasa. Siku yenyewe niliamka saa kumi na moja nikafungua simu. Ukurasa wa mbele ukaja. Michezo ikaja. Tangazo la bia likaja safi kabisa. Nikifika kwenye matangazo ya mahakama, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu ukurasa mweupe.

Nikafuta programu nikaipakua upya. Ikameza bando la siku mbili, na bando lenyewe tunalikatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Iliporudi ikadai neno la siri. Nikaliweka. Ikanijibu kwamba sijalipia. Mimi! Ujumbe wa malipo ninao kwenye simu mpaka leo.

Nikapiga namba yao ya huduma kwa wateja. Mara ya tatu ikapokelewa. Nikiwa na hasira Kiingereza hunikimbia, na Luganda yangu ni ya sokoni, kwa hiyo nikaeleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba baba yangu amefariki na jina lake liko kwenye ukurasa usiofunguka. Yule dada akacheka. Nilimsikia vizuri. Akaniita nyabo, yaani bibi kwa Luganda, akauliza, "Nyabo, Kiswahili umekitoa wapi, kambini kwa wanajeshi?"

Nikanyamaza. Hapa kwetu wengi bado wanakiona Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Akaendelea, sasa kwa haraka kama mtu anayefunga duka: "Simu yako ni ya zamani. Badilisha simu. Au nunua la karatasi." Akakata.

Nunua la karatasi! Niliduwaa na simu sikioni. Ni nyinyi mliotuambia kila siku tuhamie kwenye simu, nyinyi mliompunguzia mzee wetu nakala, na siku simu yenu inaposhindwa mnatutuma kwa yule yule mliyemnyima mzigo.

Nilimkuta ameshauza zote. Alisikitika kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Binti yangu, ungeniambia jana ningekufichia moja." Na angeificha kweli. Kwa mzee yule ningeweza kulalamika, kukopa hadi Ijumaa, hata kumgombeza. Programu haina mtu wa kumgombeza, ina namba inayopokelewa mara ya tatu.

Nyumbani nilifungua sanduku la baba kutafuta nakala ya kitambulisho chake, nikakuta vipande vya magazeti alivyokata. Kuna cha Voice of Uganda, kuna cha Uganda Times, magazeti yaliyokufa kabla New Vision halijaanza 1986. Karatasi zimekuwa rangi ya chai lakini kila herufi inasomeka. Mimi gazeti la asubuhi ile ile lilikuwa halifunguki. Nikakumbuka pia Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima. Baba alitoka kwa miguu akarudi na gazeti, na nyumba nne tulilisoma kwa zamu hadi likachanika kwenye mikunjo.

Kesho yake nilipanda taksi kwenda Kampala. Daraja, Mabira, foleni ya Mukono, asubuhi nzima imekwenda. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele ofisini kwao, nimepanga hadi maneno. Lakini kijana wa ghala, niliyemweleza kwa Kiswahili hicho hicho, aliitikia kwa Kiswahili, akanipa pole ya msiba, akaingia ndani akatoka na nakala mbili. "Chukua mbili, mama, moja ya mahakama, moja ya nyumbani." Akanitoza bei ya gazeti, hakuongeza hata shilingi. Nililia pale mapokezini. Nikasema nafuta yote niliyokusudia kuandika, kampuni yenye kijana kama huyu haiwezi kuwa mbaya.

Wakati wa kurudi, tukiwa tumekwama Mukono, nikafungua simu tu kwa mazoea. Ukurasa ukaja. Jina la baba, herufi zote, safi kama tangazo la bia. Nikampigia picha kaka aliye Arua, ikamfikia palepale, naye karatasi asingeipata siku ile. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi simu haina maana. Ina maana sana. Ndiyo maana imeniuma.

Ila nilipofika nyumbani hasira ilirudi, na haijaondoka. Kwa nini ilifunguka siku ya pili? Hakuna aliyenieleza. Niliwaandikia ujumbe, sikujibiwa. Muda wangu unakaribia kwisha, wananikumbusha kulipa kila asubuhi. Kunikumbusha wanaweza. Mama ananiuliza kama nimelipa, maana anataka kuendelea kusoma mwenyewe, na pengine kwa ajili yake nitalipa. Msilipie mwaka mzima kwa mkupuo kama mimi. Lipieni wiki, na siku mna tangazo lenu mwambieni muuza magazeti mapema.

Na yule dada, kama atasoma hapa: Kiswahili kimeandikwa kwenye katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Baba yangu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo hapa Jinja, kwenye mashine watu wa makabila kumi walielewana kwa Kiswahili, na alinunua gazeti kila siku ya mshahara.