Kozi ya kupima nyufa kwa ultrasoniki, hela yangu imelipa

Jamani nimemaliza kozi ya wiki mbili ya kupima nyufa za chuma kwa ultrasoniki, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika, huku Uingereza maana nataka kuingia kwenye ukaguzi wa mitambo ya nyuklia, na nasema kweli pesa haikupotea. Kila mtu anapewa mashine yake na kipande cha chuma kilichochomelewa chenye ufa ndani, unapaka jeli, unasogeza probu (kile kifaa kinachotuma sauti ndani ya chuma) polepole kama unapiga pasi, mara ukifika kwenye ufa mstari kwenye skrini unaruka juu na moyo nao unaruka. Mwalimu mvumilivu sana, akatueleza ya Davis-Besse, mtambo wa umeme wa nyuklia kule Ohio Marekani, mwaka 2002 walikuta asidi ya boroni imekula kifuniko cha riakta mpaka imebaki ngozi ya chuma kisichoshika kutu, kama sentimita 1 tu, ndo inazuia presha yote. Darasa zima kimya. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mkaguzi haridhiki na maneno, anataka vipimo.

Kilichoniudhi, probu za digrii 60, zinazotuma sauti kwa pembe hiyo, zilikuwa 2 tu, watu 8 tunapokezana, na mtihani unazitaka hizo hizo. Waongeze kwa kweli. Kama we ni fundi welding unataka kupanda nenda, ila pitia kwanza hesabu za pembe.