Kozi ya jioni ya kwaternioni mjini Malindi: somo la kina, karatasi zenye kasoro

Katika mji wa kale wa Malindi yuko mwalimu mstaafu anayesomesha hisabati ya juu nyumbani kwake, katika chumba cha ghorofani, baada ya sala ya Isha. Kozi ninayoitathmini hapa ni ile fupi ya kwaternioni, yaani nambari zenye sehemu nne, a + bi + cj + dk, zinazotumika kukokotoa mizunguko; ada yake ni shilingi 3,000 pamoja na karatasi za mazoezi. Wanaojiandikisha wengi ni vijana wenye shughuli zao: warushaji wa droni wanaopigia mahoteli picha, watengenezaji wa michezo ya simu, na wanafunzi wachache wa chuo kikuu walio likizoni. Kwa maoni yangu ada hiyo ni halali, na sababu kubwa ni moja: mwalimu huyu anafundisha kugawanya kwa uangalifu ambao sijauona katika masomo ya bure yaliyojaa mtandaoni.

Historia inapitiwa upesi, na ndivyo ifaavyo. William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Ireland, aliipata kanuni ya i² = j² = k² = ijk = −1 tarehe 16 Oktoba 1843, alipokuwa akitembea kando ya mfereji mjini Dublin, akaichonga papo hapo kwenye jiwe la daraja. Maalim anaongezea la kwetu, kwamba kutoka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na kwamba setilaiti za leo kwa kawaida hukokotoa uelekeo wao angani kwa kwaternioni. Baada ya hapo anashika kalamu ya ubao na hadithi zinakwisha.

Somo lenyewe linaanza na kiberiti. Kilazwe mezani, kiinuliwe robo mzunguko kuelekea kwako, kisha kizungushwe robo mzunguko kama pia. Ukirudia mizunguko hiyo hiyo kwa kuipanga kinyume, kiberiti kinaishia kukaa vingine kabisa. Kwa kuwa kwaternioni hubeba mizunguko ya namna hii, ukizidisha kwaternioni mbili p na q, haiwezekani pq iwe sawa na qp kila mara, na hapo ndipo kugawanya kunapokuwa na mambo. Kinyume cha q = a + bi + cj + dk ni kile ambacho kikizidishwa na q, iwe kutoka kulia au kushoto, kinatoa 1. Hupatikana kwa kugeuza alama za sehemu za i, j na k, kisha kugawanya kwa a² + b² + c² + d², ambayo ni nambari halisi na kwa hiyo haina ugomvi wa upande. Kinyume ni kimoja tu. Kugawanya ndiko kuwili.

Kijana mmoja wa droni aliuliza, “Maalim, sasa i nikiigawanya kwa 1 + i + j + k napata ngapi?”

“Waigawanya kutoka kulia au kutoka kushoto?” akajibiwa. “Hilo hujaniambia, mwanangu, na bila hilo swali lako halijakamilika.”

Kisha hesabu ikaandikwa ubaoni hatua kwa hatua bila kuruka hata moja. Kinyume cha 1 + i + j + k ni (1 − i − j − k)/4. Kikiwekwa kulia kwa i, jibu ni (1 + i + j − k)/4. Kikiwekwa kushoto, jibu ni (1 + i − j + k)/4. Kwa ajili hiyo Maalim hakubali kabisa kwaternioni moja iandikwe juu ya nyingine kama sehemu ya kawaida, kwa kuwa maandishi ya namna hiyo yanaficha upande. Lazima mtu aandike pq⁻¹ au q⁻¹p. Aliyezoea hesabu za shuleni ataudhika mwanzoni, ila akifika kwenye (pq)⁻¹ = q⁻¹p⁻¹ ataona kwamba ukali huo ulikuwa na maana, maana mzunguko uliofanywa mwisho ndio unaotenguliwa kwanza.

Kasoro kubwa imo kwenye karatasi. Ukurasa wa kanuni umechapwa kwamba, baada ya kugeuza alama, tugawanye kwa ukubwa wa q (kipeuo cha pili cha a² + b² + c² + d²), ilhali inatakiwa iwe mraba wa ukubwa huo. Kosa hili ni la hila kwa sababu halionekani ukubwa ukiwa 1, na mazoezi ya mwanzo yote ni ya kwaternioni za ukubwa 1, ambazo kinyume chake ni kugeuza alama tu. Ukijaribu ile 1 + i + j + k, yenye ukubwa wa 2, kanuni iliyochapwa inakupa “kinyume” ambacho kikizidishwa na q kinatoa 2. Ubaoni kanuni iliandikwa sawasawa, lakini anayejisomea nyumbani kwa karatasi peke yake atapotea.

Kikao kilichonifurahisha zaidi ni kile cha aljebra (mifumo ya nambari) zilizo jamaa za kwaternioni. Ukiruhusu i² na j² ziwe 1 badala ya −1, kuzidisha kunaendelea vizuri, ila (1 + i)(1 − i) inatoa sifuri, ijapokuwa hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilicho sifuri. Kitu cha aina hiyo hakiwezi kuwa na kinyume, na kugawanya kwacho ni marufuku. Katika aljebra hiyo, kipimo cha a + bi + cj + dk ni a² − b² − c² + d², na kinyume kipo pale tu kipimo hicho kisipokuwa sifuri. Katika aljebra ya Hamilton jumla ya miraba minne haiwi sifuri isipokuwa kila sehemu ni sifuri, ndiyo maana kila kisicho sifuri kina kinyume. Maalim alimtaja mwanahisabati Mjerumani Frobenius, aliyethibitisha mwaka 1877 kwamba juu ya nambari halisi, idadi ya sehemu ikiwa na kikomo na pasipo kuvunja sheria ya kupanga mabano, (pq)r = p(qr), aljebra za kugawanya, yaani zile ambamo kila kisicho sifuri kina kinyume, ni tatu tu: nambari halisi zenyewe, nambari changamano (za namna ya a + bi) na kwaternioni. Uthibitisho hakuutoa, na kwa muda uliokuwepo simlaumu.

Ninachomlaumu ni kupita haraka kwenye jambo wanalolihitaji hasa wale vijana wa droni. Kompyuta ikizidisha kwaternioni maelfu ya mara, makosa madogo ya kukadiria desimali hujilimbikiza na ukubwa huteleza kidogo kidogo kutoka 1. Tangu hapo kugeuza alama peke yake hakutoi tena kinyume kamili, na programu inabidi iigawanye kwaternioni kila mara kwa ukubwa wake ili kuurudisha ukubwa huo kwenye 1. Hili lilipewa dakika chache za mwisho, watu wakiwa tayari wanafunga madaftari. Atakayejiandikisha aliulizie mapema, achukue viti vya mbele kwa kuwa ubao ni mdogo, na arekebishe ukurasa wa kanuni kwa kalamu kabla ya kuanza mazoezi.