Mwalimu wa mbwa anayekuja nyumbani, Goma: bei, kazi yake, na vitu vyenye havikunipendeza

Nianze na bei juu njo kitu watu wanaulizaka kwanza. Randevu ya kwanza ni dolari 15, zile zingine dolari 10, kila moja inaenda kama saa moja, halafu unaongeza pesa ya moto (pikipiki) ya kumleta na kumrudisha. Unalipa kisha kazi, haombi avansi. Naona ni bei ya haki, na kwa vile nilipata naona hata iko chini.

Mbwa yetu anaitwa Bobi, mbwa wa kawaida wa hapa kwetu. Tuko Himbi, kwenye barabara yenye moto hazikatiki toka asubuhi mpaka usiku. Moto ikipita Bobi anakimbilia portai (mlango mkubwa wa uwanja) anabweka mpaka mate inamwagika, akikuta mlango wazi anatoka na kuifukuza, na chukudu (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo) vilevile, na nyie mnajua mtu wa chukudu akishuka na mifuko ya makala hana namna ya kukwepa mbwa, anaweza anguka vibaya sana. Usiku anabweka bila kuchoka. Akiwa na sahani yake anawangurumia watoto. Na radi ao masasi ikilia anajificha nyuma ya tanki ya maji anatetemeka mpaka kunakucha, hii ilizidi tangu ile vita ya Goma ya Januari 2025.

Siku ya kwanza mwalimu hakumgusa mbwa hata kidogo. Aliomba kiti, akatoa kaye (daftari), akaanza kutuuliza sisi: mbwa anakula saa ngapi, nani anamlisha, anafungwa kwenye mnyororo saa ngapi mpaka saa ngapi, analala wapi, anacheza na nani. Kwa kila shida aliuliza maneno matatu, kitu gani kinatokea mbele, mbwa anafanya nini, na kisha pale anapata nini. Hili la tatu njo lilitushinda wote kujibu. Anasema mbwa hafanyi kitu bure, kama anakirudilia kila siku jua kuna faida yenye anapata pale, sasa kazi ni kuitafuta ile faida, kuifunga, na kumfungulia njia ingine ya kuipata.

Mbele ya yote aliomba karne (kitabu) ya vaksin. Bila chanjo ya kichaa cha mbwa, raji, haanzi kazi, na hapa ninamuunga mkono mikono miwili. Tena kama mbwa wako alikuwaka mpole na gafla anaanza kuuma, anakuambia uende kwa veterinere kwanza, juu inaweza kuwa sikio linaoza, jino, kidonda chenye hamuoni, ao raji yenyewe. Na raji ikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, dawa ya kuirudisha nyuma hakuna. Watoto wa parseli yetu wote aliwafundisha: mbwa akikuuma, hata kama ni kidogo, unaosha kidonda na sabuni na maji yenye inatiririka dakika 15, kisha unaenda sentre de sante siku ileile, hakuna kupaka pilipili wala mafuta ya moto wala kungoja uone. Kwa hii tu alishastahili zile dolari 15.

Sasa ya moto, hii niieleze vizuri juu ndani yake njo niliona mtu anajua kazi. Sisi wote tulisemaka Bobi ni mkali. Mwalimu alikaa anamwangalia, akatuonyesha mkia umebanwa, masikio iko nyuma, mwili unaenda mbele na kurudi, akasema huyu ni woga. Moto inakuja na makelele, Bobi anabweka, moto inaenda. Kwa akili ya mtu moto inaenda juu motari ana kliya (abiria), lakini kwa akili ya Bobi moto imekimbia juu yeye ameifukuza, na kila siku anashinda, moto zote za Himbi zinamkimbia! Utamwambia nini mbwa mwenye anashinda kila siku? Ukimpiga pale, anaongeza tu kujua kama moto inaleta na maumivu.

Dawa yake ilikuwa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) za kukauka, zisizo na chumvi, vipande vidogo. Tulimfunga Bobi na kamba ndefu mbali kabisa na portai, pale anasikia moto lakini hajaanza kubweka, na moto ikisikika tu anapata sambaza, moto ikinyamaza sambaza zinaisha. Mpangilio ni lazima: makelele kwanza, chakula kisha. Ukigeuza, ukampa chakula ndipo moto ije, atajifunza kuogopa hata sambaza. Hii kitu mtu wa sayansi Pavlov aliionaka kwa mbwa zake kule Urusi miaka zaidi ya 100 sasa, si uchawi. Alienda akaita motari wa pale kona, wakapatana, yule kijana akawa anapita pole pole mbele ya portai, anarudi, anapita tena, na majirani wakitushangaa. Pole pole tukasogea karibu. Bobi akibweka maana yake tumesogea mbio, tunarudi nyuma, hakuna kumkaripia. Leo moto ikipita anageuza kichwa ananiangalia mimi. Chukudu inabakia ngumu kidogo juu ina sauti yake, ile ya mbao kwenye mawe ya volkano, lakini hafukuzi tena.

Niseme juu ya walimu wengine bila kutaja mtu. Jirani yetu mmoja alimletaka mbwa yake kwa kijana mwenye anatembea na fimbo na koliye (mkanda wa shingo) ya misumari, akasema lazima uonyeshe mbwa kama wewe njo shefu, umwangushe chini umkandamize mpaka akubali. Mbwa akanyamaza kweli, hakunguruma tena, jirani akafurahi. Kisha akauma santinele (mlinzi wa nyumba) mkono bila sauti yoyote. Hii inaeleweka kabisa: kunguruma ni onyo, mbwa anakuambia rudi nyuma sijisikii vizuri, ukimpiga kwa sababu ya onyo haujatoa hasira ao woga, umetoa onyo tu, sasa uko na mbwa mwenye anauma bila kukuambia.

Na hii hadisi ya shefu inatoka kwa mbwa mwitu wenye walikuwa kwenye kizuizi. Mtu wa sayansi Rudolph Schenkel aliwachunguza kwenye zoo ya Basel kule Uswisi akaandika mwaka 1947, ni wanyama walichanganywa pamoja na kufungiwa, wakapigana kutafuta nani mkubwa. L. David Mech, Mmarekani mwenye naye aliienezaka ile fikra, alienda kuwafuata mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kule kundi ni baba, mama na watoto wao, hakuna vita ya kiti. Mtu mwenye amewasoma maisha yake yote amerudi nyuma, na hapa Goma bado watu wanalipa pesa ili mbwa yao ikandamizwe chini. Inaniuma sana.

Ya sahani: kwanza watoto walikatazwa kusogea Bobi akikula, basi, hiyo si mafundisho ni usalama. Halafu mtu mkubwa anapita mbali, anarusha kipande cha nyama kwenye sahani, anaenda zake. Hakuna kunyang'anya, hakuna kutia mkono kwenye bugali yake eti azoee. Mbwa anaanza kuelewa kwamba mtu akisogea chakula kinaongezeka. Sasa Bobi akiniona na sahani anatikisa mkia. Watoto bado hatujawaruhusu na mwalimu mwenyewe anasema tusikimbilie.

Ya usiku ilituchukua muda na karibu tulikata tamaa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mchana mzima alikuwa kwenye mnyororo mfupi, analala, anaangalia ukuta, sasa usiku akifunguliwa ana nguvu ya siku nzima na hana kazi. Mwalimu alitoa mnyororo, akatukazia waya ndefu toka ukuta mpaka kwa mti na kamba inatembea juu yake, kukawa na kivuli na maji, asubuhi mtu anamtembeza kuelekea ziwa, anasikilia harufu anavyotaka, anasema kunusa kunachosha mbwa kushinda kukimbia. Bugali yake tunaificha kwenye makartoni ya zamani aipasue aitafute. Mifupa tunampa mibichi, ya kupikwa hapana, inapasuka kama sindano na kutoboa tumbo.

Sababu ya pili ilikuwa santinele wetu, papa mzuri sana, lakini kila Bobi akibweka anamjibu, anamfokea ao anamtupia mabaki. Kwa mbwa mwenye yuko peke yake usiku hata kufokewa ni mazungumzo. Tulipoacha kumjibu akabweka zaidi, kwa nguvu zaidi, na mwalimu alituonya mapema kwamba itapanda mbele ya kushuka, na kama mmoja wetu atakubali pale inapanda tutakuwa tumemfundisha kubweka kwa nguvu ileile, ni kama vijana wa pari (kamari), akishinda siku moja anarudia mwezi mzima. Papa santinele alishika, sasa anamuita akiwa kimya na kumpa kitu. Mtu akigusa portai Bobi bado anabweka, na hiyo tunaitaka, akiitwa jina anaacha.

Sasa vyenye havikunipendeza. Kubwa kabisa: huyu papa santinele, mwenye anakaa na mbwa usiku wote, hakuitwa siku ya kwanza. Mwalimu aliongea na mimi na bwana yangu tu. Kama angemuweka kwenye kiti na sisi toka mwanzo tungeepuka majuma ya kubomoa kile tumejenga. Mukimuita, muombe nyie wenyewe kwamba kila mwenye anagusa mbwa awepo, mpishi, watoto, santinele.

Pili haachi karatasi. Anaeleza mbio, nusu Swahili nusu Kifaransa, anaondoka, jioni mnaanza kubishana alisema tumpe mbele ao kisha. Nilianza kumrekodi kwenye telefone, alikubali bila shida, lakini kwa pesa ile karatasi moja ya kuandika na mkono ingewezekana. Tatu mvua. Mvua ikinyesha haji, na hapigi kila mara, najua barabara zetu lakini ujumbe mmoja ni kitu kidogo.

Na ya radi na masasi sijaridhika. Alitupa kazi ya kuchezesha sauti ya radi kwenye telefone chini kabisa na sambaza, tukiongeza pole pole. Imesaidia kidogo tu. Mimi naona telefone haiwezi toa ile sauti nzito yenye inatetemesha mabati, na mbwa anajua tofauti. Kile kilisaidia kweli ni chumba: tunamwingiza kwenye depo, pazia, radio inaongea, gunia lake, na mtu anakaa naye. Watu wanasemaka ukimbembeleza mbwa mwenye anaogopa unamuongezea woga, mwalimu alikataa kabisa, woga si kitu mbwa anafanya ili apate mkono wako kichwani, mshike kama anataka kushikwa. Kwa hili nilimshukuru sana, juu ile miezi watoto walikuwa wanalala wamemkumbatia Bobi na mama mkwe alikuwa anawafukuza. Alituambia pia bila kuficha kwamba hii inaweza isiishe, na kama inazidi kuna dawa za veterinere. Nilipenda hakutuuzia uongo.

Kama unatafuta mtu wa kukufundishia mbwa auma wezi, usimuite, atakukatalia na atakuambia mbwa mwenye anaogopa kila kitu si mlinzi, atauma mtoto wa jirani mbele ya mwizi. Watu wengi hapa wanataka mbwa mkali na wanamfanya mkali kwa kumfunga na kumpiga, halafu siku anauma mgeni wanamuua. Na kama uko na kitoto cha mbwa, usingoje shida. Toka juma la 3 mpaka kama juma la 12 ao 14 njo wakati akili yake iko wazi, vyenye anakutana navyo vizuri wakati ule hataviogopa sana, basi aone moto, chukudu, watoto wa shule, parapluie, mtu wa kofia, ukimbeba mkononi kama bado hajamaliza chanjo. Kwa kitoto anafanya randevu moja ao mbili tu na inatosha.

Ninampa nyota 4 kwa 5. Ile moja ni ya santinele na karatasi. Mwezi ujao anarudi kwetu kwa kazi ya watoto na sahani, na safari hii mpishi na papa santinele wameshaambiwa saa.