Foili ya chini ya bati: nimeiweka chumbani, nikaikosea, nikairudia

Wadau habari zenu, karibuni tena. Samahani kwa mwangwi, chumba hakina hata godoro, tuko katikati ya ukarabati na rangi bado. Leo naongelea hii kitu hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera... hii foili yenye mapovu mapovu ndani, upande mmoja wa fedha unang'aa kama sufuria mpya, upande wa pili mweupe. Ukienda Kariakoo we sema foili ya kuweka chini ya bati, watakuelewa, ukianza insulesheni insulesheni (yaani kizuia joto chochote) watakuonesha vitu kumi.

Nyumba ipo Tabata, bati la kawaida, na joto la Dar mnalijua, kuanzia Desemba mpaka Machi mchana nyuzi 32, 33 na unyevu wa bahari juu yake kwaiyo jasho lenyewe halikauki. Bati likishapigwa jua la saa nane linafika nyuzi 60 na zaidi, afu linalishusha lile joto kwenye dari, dari linakushushia wewe kitandani. Pangaboi linazunguka lakini ni kama mtu anakupepea na mfuniko wa jiko. Kila mtu ananiambia dada weka AC, sawa, AC nitaweka Mungu akijalia, ila kuiweka chini ya bati tupu ni kuteka maji kwa pakacha, umeme wa Luku unakimbia na chumba hakipoi. Ndo nikasema kabla dari jipya la jipsamu halijapanda, wakati dari la zamani limeshang'olewa na kenchi, yale mabao yanayobeba paa, ziko wazi, niweke hii kwanza. Na kama unakarabati huo ndo wakati wake, ukishafunga dari kupanda juu kutambaa kwenye kenchi ni adhabu.

Sasa bwana, mara ya kwanza tulikosea. Fundi kaichukua, upande wa fedha kaubandika juu kabisa unagusana na bati, mweupe ukaangalia chini. Nikamuuliza kwa nini, akasema dada, fedha si ndo inarudisha jua? Na mi nikaona ana pointi, muuza duka naye alisema hivohivo. Siku tatu zimepita, hakuna kitu! Chumba kilekile cha moto.

Kumbe hii foili haifanyi kazi kwa unene, unene wake ni milimita chache tu, hapo hamna kitu cha kuzuia joto. Kazi yake inafanywa na huo uso unaong'aa, na huo uso unafanya kazi pale tu mbele yake pakiwa na hewa. Ukiugusanisha na bati, joto linapita moja kwa moja kama kijiko cha chuma kwenye chai, aluminiamu ni chuma jamani. Ila ukiuacha uangalie nafasi tupu unafanya mambo mawili, joto la mnunurisho, lile linaloruka hewani bila kugusana kama la jua, likija kutoka juu unalirudisha karibu lote, na ukiugeuza uangalie chini unapata moto kweli lakini unakataa kuutoa, hauumwagi huo moto chumbani kama bati linavoumwaga. Hili la pili watu wengi hawaliamini, na mimi sikuamini.

Tukaibandua yote (mapovu mengine yakapasuka, hasara yangu), tukaipiga stepla chini ya papi, zile mbao bati linapopigiliwa, kwaiyo kati yake na bati pana kama inchi mbili, fedha ikaangalia chini. Mbona chini? Vumbi. Ukiangalizia fedha juu siku ya kwanza inafanya kazi vizuri tu, ila miezi ikipita vumbi la Dar linailalia na uso ukishafunikwa na vumbi umeshakuwa uso wa kawaida. Ukiangalia chini vumbi halikai. Kama una hela kidogo nunua yenye fedha pande zote mbili, ugomvi wa upande gani unaisha.

Vipimo. Nina hiki kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki, na hapa niwape siri moja, dukani muuzaji anaweza kuelekeza hiki kwenye foili akakuonesha namba ya baridi ukafurahi, usidanganyike, uso unaong'aa kinausoma vibaya, kinasoma vitu vingine vinavyojiakisi pale. We pima dari, siyo foili. Kabla ya kung'oa, dari langu la zamani saa nane mchana lilikuwa 43. Jipsamu mpya na foili ikiwa imewekwa sawa, saa nane ileile, jua kali vilevile, 36. Sio maabara, ni mimi na kimashine changu, na dari lenyewe limebadilika, lakini nyuzi saba kichwani mwa mtu aliyelala unazisikia.

Mvua je? Kelele za mvua kwenye bati foili haizipunguzi kabisa. Kwa hilo nimeongeza glasi wuli, ile sufi ya njano ya nyuzi za kioo, ya milimita 50, nimeilaza juu ya jipsamu. Hii nayo inazuia joto, lakini kwa njia nyingine, inashikilia hewa ndani ya nyuzi, kwaiyo usiikandamize, ukiibana ikawa nusu ya unene umetupa nusu ya hela yako. Inawasha balaa! Vaa glavu, barakoa, shati la mikono mirefu, fundi wangu alijifanya mwanaume akapanda na singlendi, usiku hakulala. Na kagua bati kwanza kama linavuja pale kwenye misumari, maana sufi ikilowa haizuii kitu, inakaa na maji juu ya jipsamu yako mpya mpaka dari linashuka. Walitaka kuniuzia na yale mabodi meupe ya stairofomu, mepesi na bei nafuu, nikakataa kwa sababu moja, yakishika moto yanatoa moshi mweusi mzito wa sumu, sitaki huo juu ya kitanda.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Umeme. Foili ni chuma na stepla ni chuma, stepla ikitoboa waya foili nzima inakuwa na umeme na wewe upo juu umeishika. Australia serikali ilisimamisha mpango wake mzima wa kuwekea watu insulesheni mwezi wa pili 2010 baada ya mafundi vijana wanne kufa, watatu kati yao kwa umeme. Kwaiyo zima mein switchi, sio taa tu, mein switchi, na waya za darini zipite kwenye paipu kwanza. Afu zile taa za kuchimbia kwenye jipsamu usizifunike na sufi, zinahitaji kupumua, acha nafasi kuzizunguka.

Malalamiko yangu: panya wanaitafuna, hilo sina la kulizunguka, nimeziba matundu ya kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kwa wavu, nikaacha hewa ipite kwa sababu hewa ya moto lazima itoke, na wavu umesaidia na popo pia. Lingine, ukuta. Ukuta wangu wa kitandani unaangalia magharibi, tofali za saruji, unapigwa jua kuanzia saa nane mpaka magharibi, unalihifadhi joto afu unakurudishia saa nne usiku wakati unataka kulala. Foili ya juu haimjui huyu. Hapo nje nitapiga rangi nyeupe na nimeshapanda mwarobaini, tutaonana baada ya miaka.

Je, ninunue tena? Foili ndio, ila iwekwe na mtu unayemsimamia. Glasi wuli ndio kama mvua inakunyima usingizi, kama hela haitoshi anza na foili.

Roli langu lilikuwa la mita 40 kwa upana wa mita 1.2, chumba kimoja hakimalizi, uliza duka kama wanakata kwa mita. Mi kilichobaki kaja kukiomba mama jirani anayeuza barafu za ukwaju, kakishonea ndani ya ndoo yake na kitambaa juu, jana kapita hapa saa kumi jioni barafu bado ngumu. Kanipa mbili.