Henza ya kupandishia tanga: ya waya au ya Dyneema?

Kwa uzito hakuna ubishi. Chuma cha pua ni kizito kama mara 8 kuliko Dyneema, kamba ya nyuzi za plastiki inayoelea majini, na kila kilo inayotoka juu ya mlingoti hupunguza kuyumba kwa chombo.

Kwa uimara, waya bado una watetezi, nami siwacheki. Haujali jua wala msuguano, na ukivutwa kwa muda mrefu haurefuki polepole kama Dyneema. Ila ukichakaa, nyuzi zake hukatika na kusimama kama miba. Shika bila glovu uone.

Gharama ya kubadilisha hujificha kwenye roda, gurudumu linalopitisha henza. Roda ya waya ina mfereji mwembamba, na kingo zilizokwaruzwa na chuma huila kamba mpya kama msasa. Pitisha kidole kwanza. Ikikwaruza, badilisha roda pia. Tena usifunge fundo: Dyneema huteleza, na fundo hula nusu ya nguvu yake au zaidi. Jicho, yaani kitanzi cha mwisho wa kamba, lisukwe.

Mshindana mbio achukue kamba. Mwenye waya mzima na roda zake za zamani, asafiri tu.