Skana ya leza ya kupimia ardhi: kabla hujalipa, tazama chini

Mwaka jana nilinunua skana ya leza iliyotumika, mashine inayorusha miali pande zote na kurekodi nukta kila unapogusa mwali, kwa sababu karatasi ya muuzaji iliandikwa kuwa inafika "mita 60". Nilikwenda nayo kwenye shamba tambarare huko Kibaha, nikaisimamisha mara tatu, nikarudi ofisini nimeridhika. Kwenye kompyuta, ukuta wa nyumba ya jirani ulitoka safi hadi nyufa za lipu, lakini mtaro wa maji unaolikata shamba katikati haukuwapo. Nilirudi kuupima kwa gharama yangu.

Umbali unaotangazwa ni wa kulenga uso unaoielekea leza, kama ukuta, ilhali mpima ardhi anatafuta udongo. Skana ikiwa kwenye stendi ya kimo cha mita 1.8, mwali unaogusa chini umbali wa mita 50 hufika kwa pembe ya nyuzi 2 tu. Hivyo, ukiipanga itoe nukta kila milimita 6 katika umbali wa mita 10, ardhini utapata mapengo ya sentimita 30 ukifika mita 30, na zaidi ya sentimita 80 ukifika mita 50. Mtaro hujificha humo, na nyasi huzidisha hasara.

Ndiyo maana naiweka skana ya Leica RTC360 mbele ya zote, wala sifichi upendeleo wangu. Siipendi kwa mita zake 130, bali kwa kuwa humaliza mzunguko mzima pamoja na picha kwa chini ya dakika 2, na kamera zake hufuatilia inavyohamishwa, kiasi kwamba kuisimamisha kila baada ya mita 20 hakuchoshi. Ya pili ni Trimble X7, inayojisawazisha na kujirekebisha yenyewe. Ya kutembea nayo, ZEB Horizon, huipita ardhi kwa karibu na mtaro haiukosi, ila vipimo huhama kidogo kidogo kadiri unavyokwenda, hivyo ni lazima urudi ulikoanzia na uvirekebishe vipimo hivyo kwa alama zilizopimwa kwa GPS. BLK360, nayo ya Leica, ni ya vyumbani, na simu yenye leza huishia kama mita 5.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaotaja bei ya mashine peke yake, kisha leseni ya programu, inayolipiwa kila mwaka, ikajitokeza kwenye ankara. Mtake muuzaji aje na mashine shambani, kwenye nyasi, aioneshe ikipima mtaro. Wawili niliowaomba hivyo walitaka kwanza nilipe nusu ya bei.